Kanda ya Roho Juu

Mdogo wangu tulimpa jina la Roho Juu kabla hajaota meno. Mkunga aliyempokea, Mungu amrehemu, alisema watoto wengine hutoka wakilia, huyu alitoka amekunja uso anatazama mlango kama umefungwa vizuri. Hamniamini? Basi mngemwona jioni anavyofunga saluni yake, na miaka yake sitini na ushee. Anafunga kufuli, analivuta. Anapiga hatua tano, anarudi, analivuta tena. Anafika kwa muuza mkaa kona ya pili, anarudi. Siku moja kufuli lilimkatikia mkononi kwa kuvutwa. Akanigeukia: "Unaona, dada? Nilijua halijafunga vizuri."

Mtu wa namna hiyo, kazi zote za duniani zimejaa tele, akachagua kupaka watu dawa ya kulainisha nywele. Dawa ile haina utani. Ikikaa muda wake, nywele zinalala kama manyoya ya paka wa tajiri. Ikipungua, mteja anarudi kesho na ugomvi. Ikizidi, nywele zinakatika, ngozi inachubuka, na mteja anarudi na kaka zake.

Kazi alifundishwa na mwanamke mmoja mnene tuliyemwita Mama Kitana. Mama Kitana alikuwa na redio kaseti ambayo vitufe vyake vyote vilikuwa vimekufa, kimebaki kile cha kupigia tu. Cha kupeleka mbele hakuna, cha kurudisha nyuma hakuna. Na kanda ilikuwa moja, albamu ya bendi fulani ya zamani, nyimbo nane, nne upande huu na nne upande ule. Ukitaka wimbo wa nne, sharti umsikilize mwimbaji akilalamika nyimbo tatu nzima kwanza. Hakuna njia ya mkato. Mama Kitana alipochoka miguu akaacha kazi, alimwachia mdogo wangu viti viwili, sinki, na redio ile na kanda ikiwa ndani.

Mwanzoni Roho Juu alitundika saa ukutani kama watu wengine. Haikukaa wiki. Kila akiitazama inamtazama. Anapaka mstari mmoja wa dawa, anageuka kwenye saa, anarudi kwenye kichwa, anageuka kwenye saa, kama mtu aliyeiba. Akaitoa, akaipeleka chooni, akaigeuza uso ukutani. "Saa inanisukuma," aliniambia. "Kanda hainisukumi. Kanda inanishika mkono."

Na kweli ilimshika. Wimbo wa kwanza, ule wa mke aliyeondoka na mwavuli, alipaka mafuta pembeni mwa nywele na nyuma ya masikio ili dawa isiunguze. Wimbo wa pili, wa barua, alivaa glavu, akaanza kupaka dawa kutoka kisogoni. Wa tatu, wa harusi ya jirani, alimalizia utosi na paji la uso. Wa nne ulikuwa mrefu, gitaa tupu robo tatu yake, na huo alikuwa analaza nywele kwa mgongo wa kitana, taratibu, uso wake umetulia kama maji ya mtungi. Gitaa likiisha, upande wa kwanza umekwisha, na kile kitufe kinaruka chenyewe: tak! Hapo ndipo anafungua bomba. Tak, maji. Tak, maji. Miaka thelathini na miwili hakuunguza kichwa cha mtu.

Mimi nilikuwa naenda pale kila Alhamisi, nakaa kwenye benchi la mlangoni. Nywele zangu hazihitaji dawa, zimebaki chache na zote tunajuana. Nilikuwa nafuata wasikilizaji. Mtu mwenye dawa kichwani hawezi kuondoka, na mimi nina hadithi.

Sasa njooni kwenye Alhamisi yenyewe.

Aliyekuja kutengenezwa alikuwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu ajue kusoma alikuwa anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa mbele yake, kuanzia mifuko ya sukari mpaka kuta zilizoandikwa "usikojoe hapa". Kumbe alikuwa anajiandaa. Kesho yake, Ijumaa, saa tatu asubuhi, alikuwa anakwenda kujaribiwa kusoma habari kwenye runinga. Walikuwa wasichana arobaini, nafasi moja. Mdogo wangu alikuwa hajala tangu Jumanne kwa kuiwazia Ijumaa hiyo. Kichwa kile kilibeba vitu viwili: kazi ya mtoto wetu, na miaka thelathini na miwili ya mdogo wangu.

Kasuku akaingia na kimfuko.

"Shikamoo, bibi mdogo. Nimekuletea zawadi."

"Marahaba. Zawadi ya nini tena, mama? Ya kesho umeshayawaza?"

"Nimeyawaza mpaka yamenizoea." Akatoa spika ndogo ya mviringo, kubwa kama bakuli la uji, akaiweka juu ya meza. "Nyimbo za kanda yako nimezitafuta mpaka nimezipata. Zote nane zimo humu kwenye simu. Sauti safi, hakuna ile khrr khrr."

"Zote?"

"Zote. Tena hulazimiki kusikiliza ule usioupenda."

"Upi nisioupenda?"

"Mimi nitajuaje? Kila albamu ina wimbo mmoja ambao mtu anauvumilia tu."

Mdogo wangu akafikiri. "Mimi sijawahi kuulizwa kama naupenda," akasema. "Wimbo ukipita, umepita."

Lakini angewezaje kukataa? Mtoto ametumia muda wake, ametafuta, amebeba. Redio ya Mama Kitana ikashushwa chini ya meza, ikafunikwa taulo kama mgonjwa. Nami nikasema sauti ya spika ni nzuri, maana ni kweli ilikuwa nzuri, na maana napenda vitu vipya. Hilo nalikiri mapema.

Kasuku akakaa kitini, taulo shingoni, simu mapajani. Akabonyeza. Simu ikachagua yenyewe, ukalia wimbo wa barua.

Wa barua ni wa pili. Niliiona mikono ya mdogo wangu ikisita hewani, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Halafu ikafanya ilichozoea. Ikachukua glavu. Ikafungua kopo la dawa. Ikagawa nywele, ikapaka mstari wa kwanza kisogoni.

"Na mafuta je?" nikauliza.

Akaruka. Kopo la mafuta lilikuwa limefungwa, halijaguswa. Akavua glavu haraka, akampaka Kasuku masikio na shingo, akavaa glavu nyingine, kidole kimoja kikakataa kuingia mahali pake. Ile dawa ya kisogoni ikaendelea kukaa ikimsubiri.

"Nimesahau, dada. Mimi! Nimesahau mafuta!"

"Umekumbushwa. Endelea."

Akaendelea. Ukaja wimbo wa mwavuli, nao Kasuku akaufurahia, kichwa kikataka kucheza mabega yakakizuia. Ulipoisha nikasema, "Hebu urudishe huo." Ndiyo, mimi. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kusikia wimbo ule mara mbili mfululizo, na nilitaka kujua kama mke anarudi. Harudi. Ukaja wa harusi ya jirani, mdogo wangu akapumua, maana ule aliujua kazi yake. Akamaliza utosi na paji la uso. Kisha likaanza gitaa.

"Aa, huu unachosha," Kasuku akasema. "Mtu haimbi. Ngoja nikutafutie mwingine." Akaubonyeza, ukakatika.

Mdogo wangu aliitazama ile simu kama abiria aliyeona gari linapita kituo chake.

"Huo ndio wa kulazia," akasema. "Utaurudisha?"

"Nitaurudisha mwishoni, bibi mdogo."

"Haya. Mwishoni."

Akashika kitana, akaanza kulaza. Mara moja, mara mbili. Uso haukutulia. Kila wimbo ukiisha aliinua shingo, akangoja tak, ukaja mwingine. Nikaona bora niwatoe wasiwasi wote wawili, nikaanza hadithi yangu ya kiboko. Kila Alhamisi niliianza hapo hapo, dawa ikishafika utosini.

Mume wangu marehemu alikuwa na baiskeli. Siku moja ya mvua alikuta mto umefurika, daraja limechukuliwa, na katikati ya maji kuna mawe makubwa meusi yamejipanga. Akasema, Mungu mkubwa, amenitandikia njia. Akapanda na baiskeli yake juu ya jiwe la kwanza...

"Bibi, ruka hapo," Kasuku akasema. "Twende moja kwa moja kwenye kengele."

"Mimi sirukwi. Ukitaka kengele, panda baiskeli kwanza."

Nikamweleza baiskeli ilinunuliwa kwa nani. Nikaeleza mvua. Nikaeleza jinsi jiwe la pili lilivyopumua, na mume wangu akaliambia pole. Jiwe la tatu likafungua macho. Yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akapiga kengele, kring kring, apishwe. Na kiboko, nawaapia, akasogea kushoto kama anayejua sheria za barabarani, akampeleka mpaka ng'ambo, akamsubiri ashuke. Mpaka anakufa mume wangu alikuwa akivuka mto ule anapunga mkono.

Kasuku akacheka, kisha akajishika bega. "Bibi mdogo, inachoma."

"Wapi?"

"Kisogoni."

"Kisogoni ndiko nilikoanzia. Vumilia kidogo, mama, bado gitaa."

Kila kichwa kinachokaa kwenye kiti kile kinasema inachoma. Wengine wanasema kabla kopo halijafunguliwa. Sikutia maanani. Nikaona wamenyamaza wananitazama, na mtu akikutazama hivyo huwezi kumwacha hivi hivi, nikawapa ya kuku. Mwaka mmoja jua lilikuwa kali mpaka kuku wangu akawa anataga mayai yaliyokwisha kuchemka. Nilikuwa nabeba chumvi tu naenda kukaa karibu naye. Nikaeleza majirani walivyokuja kuona. Nikaeleza nilivyompeleka sokoni. Koo likanikauka, nikaomba maji.

Mdogo wangu akaniletea kikombe. Alikuwa na jasho juu ya mdomo.

"Dada, leo umesema sana."

"Nimesema kama siku zote."

"Huyo kuku simjui mimi. Miaka yote hii sijawahi kumsikia."

"Hujamsikia kwa sababu huwa sifiki kwake. Nikimaliza kiboko tu, kitufe kinaruka, wewe unafungua maji, na mimi hakuna anayenisikiliza tena."

Maneno yalitoka kinywani mwangu yakasimama katikati ya chumba. Niliyasikia pamoja na yeye. Kikombe kikabaki baina yetu, hakuna aliyekishika vizuri, maji yakamwagika miguuni.

"Kiboko umemmaliza lini?" akauliza, sauti ndogo.

"Kabla ya wimbo huu. Kabla ya ule mwingine pia."

"Na kuku umefika naye wapi?"

"Sokoni."

Sijawahi kumwona mdogo wangu akikimbia kabla ya siku ile. Alimwinua Kasuku kitini kama mtoto wa mwaka mmoja, simu ikaanguka chini, ikaendelea kuimba huko huko uvunguni. Akamlaza kichwa sinkini. Bomba likakohoa, likatema upepo. Likatema upepo tena. Halafu maji.

Akasuuza. Akatia shampuu ya kukatia dawa, povu likawa jekundu kidogo, kama shampuu ile inavyobadilika ikikuta dawa bado ipo. Akasuuza. Akatia tena, povu la waridi. Akasuuza, akatia ya tatu, likawa jeupe, lakini hakuliamini, akatia ya nne. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, sikujua ni dua au ni wimbo. Mimi nimesimama pembeni na taulo, nasema "polepole, polepole", kana kwamba ndimi ninayejua.

Ndipo nikaona kitu cheusi kimejikunja kwenye tundu la sinki.

Nilikiokota kabla hajageuka. Kishungi cha nywele, kimelegea kama uzi wa mahindi mabichi. Nikakitia mfukoni. Nikatazama kisogo cha mtoto: palikuwa na pahali, chini, upande wa kulia, penye ukubwa wa kifuniko cha soda, peupe, pamekuwa kama kidevu cha mtoto. Kwingine kote nywele zilikuwa salama, zinang'aa. Nikafanya hesabu yangu ya uongo haraka. Hapaoni mwenyewe. Hakuna atakayemwambia kabla ya kesho. Akishapata kazi tutamwambia alizaliwa napo.

"Toa, dada," mdogo wangu akasema bila kunitazama.

"Nitoe nini?"

"Ulichotia mfukoni."

"Leso."

"Dada."

Nikatoa. Akakiweka kwenye kiganja, akamkalisha Kasuku, akazunguka mbele ya kiti, akapiga magoti. Mwanamke wa miaka sitini na ushee anampigia magoti mjukuu.

"Mama, nimekuunguza," akasema. "Kisogoni. Nywele zimetoka. Ni hizi."

Kasuku akavitazama vile vinywele. Akapeleka kidole nyuma, polepole, kikatafuta, kikapaona, kikaruka. Macho yakajaa. Yeye anayesoma mpaka vibandiko vya ndizi, akavigeuza kiganjani mwa bibi yake kama maandishi asiyoyajua. Uvunguni ukaanza wimbo mwingine, wa furaha, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuuzima.

"Ni mimi niliyebonyeza," akasema mwishowe.

"Kichwa kilikuwa mikononi mwangu, si kwenye simu," mdogo wangu akajibu.

Akapafuta kwa maji baridi, akapapaka dawa ya ngozi, akarudi nyuma ya kiti. Mikono imeinuliwa, haithubutu kugusa. Nikainama chini ya meza. Nikaondoa taulo kwenye redio ya Mama Kitana, nikageuza kanda upande wa pili, nikabonyeza kile kitufe kimoja. Khrr, khrr, ukaja wimbo wa tano. Kasuku akauzima wake mwenyewe. Mikono ikashuka. Wimbo wa tano alikausha, wa sita akachana, wa saba akazikusanya nywele zote zikashuka kisogoni, akazifunga fundo chini, likakaa juu ya pahali pale kama kofia. Wa nane hakufanya kitu, alisimama nyuma yake mikono mabegani mpaka tak.

"Bibi," Kasuku akaniuliza kwenye kioo, pua nyekundu, "runinga inaona kisogo?"

"Haioni. Kina runinga wote wanakaa mbele."

Mdogo wangu akasema, "Usinichekeshe, dada. Leo sitaki."

Ijumaa hakufungua saluni. Alikuja kwangu saa moja asubuhi, akakaa kwenye kiti cha mlangoni na mkoba mapajani kama anayesubiri daktari. Chai ikapoa. Nikamletea nyingine, nayo ikapoa. Kila miguu ikipita nje anasimama. "Fundo litakuwa limelegea," anasema. "Litakuwa limelegea na yeye amegeuka." Nikamwambia atulie. "Umewahi kuona mimi nimetulia?" Nilishamwona, lakini ni ndani ya ile kanda tu.

Saa saba Kasuku akaingia, viatu mkononi.

"Wamenichukua."

Mdogo wangu akakaa chini, sakafuni, si kwenye kiti.

"Lakini si runinga. Wamenisikiliza, wakasema nina sauti ya redio. Naanza Jumatatu."

Mimi nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Roho Juu hakupiga. Alimzunguka Kasuku, akatazama fundo, liko palepale. Akauliza, "Waliona?" Kasuku akaapa hawakuona. Ameapa mara nyingi tangu siku ile, ameapa kwa kila anachokiamini, na mdogo wangu anaitikia "sawa, mama", na ninajua haamini. Kila saa kumi jioni Kasuku anasoma habari redioni, na mdogo wangu anasikiliza kwenye redio ya jirani ameinamisha kichwa kama anayesomewa mashtaka. Nywele zimeota zamani. Zimeota mpaka zimezidi zile nyingine, na bado.

Spika tuliihamishia kwangu. Saluni imebaki na kanda yake, na hakuna anayeruhusiwa kugusa. Ukiwa na haja ya wimbo wa nne, subiri wa nne.

Lakini Alhamisi iliyopita, mteja kakaa, dawa imefika utosini, gitaa linalia, mdogo wangu akaacha kulaza. Akageuza sikio.

"Dada, hebu sikiliza. Gitaa halivuti?"

Nikasikiliza. Lilikuwa linavuta. Mwimbaji naye alikuwa amekuwa mzito, kama mtu aliyeamshwa. Kanda imezeeka, utepe wake umelegea; wimbo ule sasa ni mrefu kuliko ulivyokuwa, na hatujui ni kwa kiasi gani, wala tangu lini.

"Halivuti," nikamdanganya. Hakuniamini.

"Basi wewe sema kiboko. Ukimaliza kabla ya tak, nafungua maji. Sasa wewe ndiye ninayekutegemea."

Nikaanza na baiskeli. Mteja alikuwa mgeni, anacheka vizuri, na nikiwa kwenye mvua nilijisikia naongeza ngurumo ambayo haikuwepo zamani. Kwenye jiwe la pili nikaongeza ndama wa kiboko. Nilipofika kwenye kengele nikamtazama mdogo wangu: kitana kinalaza, uso umetulia kama maji ya mtungi, amenikabidhi kichwa cha mtu. Sikujua nimekwisha kuirefusha hadithi kiasi gani. Nikamwacha kiboko katikati ya mto, mume wangu yupo mgongoni, hajafika ng'ambo.

"Fungua maji," nikasema. "Nimemaliza."